Chumba cha Juu cha Feza

Sumaili alikuwa fundi viatu huko Kasungami, pembeni mwa Lubumbashi. Kila asubuhi mkewe Mwajuma alipika uji, naye akanywa na kwenda kazini. Nyumba yao ilikuwa ya vyumba viwili, na ndani mlilala watu wanane. Waliijenga kama majirani wote walivyojenga: unakata kichuguu cha uani, unafyatua matofali, unayakausha juani, kisha unajenga palepale ulipochimba.

Mwaka 1974 binti yao Feza alifiwa na mumewe huko Mokambo. Wakwe wakamfukuza pamoja na watoto wake wanne. Sumaili akamwandikia kwamba atamjengea chumba. Uwanja ulikuwa umejaa, kwa hiyo akaamua kwenda juu. Redio ilikuwa imetangaza kuwa Amerika wamejenga nyumba ya ghorofa mia moja na kumi, ndefu kuliko zote duniani. Kama wao wameweza mia, yeye angeshindwa moja? Alifyatua matofali miezi minne, mgongo ukamuuma.

Chumba kilipokamilika, ukuta wa chini ukapasuka. Mwajuma akaogopa, akamwita jirani yao Chola, aliyefunga vyuma kwenye minara ya mgodi. Chola akapaka saruji kidogo juu ya ufa, akasema wangoje. Siku ya tatu saruji ile ilikuwa imekatika. Ukuta ulikuwa bado unashuka.

"Baba Feza, ile nyumba ya ku redio haisimame na matofali," Chola alisema. "Byuma njo mifupa yake. Ukuta ni nguo tu. Kwako ukuta njo inabeba yote."

Akaeleza polepole. Zamani sana watu wa Misri walirundika mawe, chini pana, juu pembamba, na kwa maelfu ya miaka hakuna aliyewapita kwa urefu. Baadaye sana, mjini Chicago, walijenga ghorofa kumi na sita kwa matofali. Ukuta wa chini ukawa mnene karibu mita mbili! Ni mifupa ya chuma iliyowafikisha mbali zaidi. Mwaka 1931 New York walifika ghorofa mia moja na mbili. Tena walichimba msingi mpaka kwenye ardhi ngumu, lakini Sumaili alijenga juu ya udongo laini wa kichuguu.

Mwajuma akauliza kama nguzo za miti zingesaidia. Chola akasema zingesaidia siku chache tu, na mvua ilikuwa karibu; chumba cha juu lazima kibomolewe.

"Na mutoto wangu atalala wapi?" Sumaili aliuliza.

Chola akapanda juu, akatoa tofali la kwanza.

Walibomoa chumba cha juu siku tatu, tofali kwa tofali. Sumaili alilia mbele ya majirani, nami simlaumu. Novemba mvua ikanyesha siku nane mfululizo. Chola alikuwa amepaka saruji nyingine kwenye ufa, na hii haikukatika. Nyumba ilisimama, na hakuna aliyeumia.

Feza akafika kwa lori na watoto wake. Alitazama juu, akauliza chumba cha kwenye barua kiko wapi.

"Nilikibomoa mi mwenyewe," baba yake alisema.

Feza aliingia ndani, akasogeza masufuria, akaanza kupima kwa hatua mahali pa watoto wanne kulala. Palitosha watatu. Sumaili akachukua mkeka wake, akaenda kuutandika barazani.