Pigo la Nane

Wimbo ulikuwa umezidi urefu wake. Karatasi iliyobandikwa ndani ya kopo la bati ilisema dakika ishirini na mbili na sekunde kumi, na Fundi alikuwa ameunga humo kipande kidogo tu, utepe wa kama mikono mitatu, wa kupita kwenye mashine kwa sekunde tano. Sasa saa ya ukutani ilionyesha zimepita dakika ishirini na tisa, na kanda bado ilikuwa inazunguka.

"Saa mbovu," alijisemea.

Saa ilikuwa nzima kabisa. Alipeleka macho kwenye rili la kushoto, lile linalotoa utepe, akaona bado limenenepa vilevile. La kulia, linaloupokea, halikuongezeka hata unywele. Ilikuwa saa nane mchana, nje jua linawaka, watoto wa jirani wanagombania baiskeli. Fundi hakuwa mwoga. Mtu anayeshinda peke yake katika chumba kilichozibwa madirisha, akisikiliza sauti za watu waliokwisha kufa, woga humtoka mapema. Lakini siku hiyo alihisi nywele za shingoni zikisimama, akajichekea, kisha akaacha kucheka.

Kazi yake ilikuwa kufufua kanda za zamani, na hii aliletewa na mumewe mwenyewe. Mumewe alipiga gitaa la besi katika bendi ya ile roki ndefu, progresivu, ambayo wimbo mmoja hula upande mzima wa santuri na mdundo hubadilika kila unapodhani umeuzoea. Kila mtu alimwita Besi, hata mama mkwe. Fundi alizoea kumtania kwamba muziki wake hauchezeki, kwamba ukijaribu kuucheza mguu mmoja unabaki hewani. Besi hakujali. Tangu utotoni aliwaabudu wanamuziki wanne waliorekodi wimbo huu miaka hamsini iliyopita wakauacha bila kuutoa, na bendi yake ilikuwa imepata ruhusa ya kuupiga mbele ya watu mwezi ujao.

Fundi aliifanya kazi kwa uangalifu wote. Utepe wa zamani hunata, kwa hiyo aliupika kwanza kwenye oveni, moto mdogo, siku nzima. Chini ya kopo alikuta kipande kilichokatwa kwa wembe, kimeviringwa na kufungwa uzi mweupe, na juu yake kikaratasi: *Kisirudishwe.* Alitabasamu. Wanamuziki hawaishi kugombana kipi kibaki na kipi kitoke, na kwa mtu wa kazi yake kipande kilichokatwa ni sawa na ukurasa uliochanwa kitabuni. Alitafuta kovu la mkato kwenye kanda, akalipata, akakiunga kipande mahali pake kwa mkono wa ustadi hata usingejua palikuwa na jeraha.

Ndani ya kipande hicho kulikuwa na mwanamume anayehesabu. Wimbo wote ulikwenda kwa mapigo saba, na yeye alihesabu moja hadi saba kwa sauti ya furaha, kisha ikafuata nafasi tupu, urefu wa pigo moja, halafu vyombo vikaingia tena.

Ila sasa nafasi ile haikuwa tupu.

Fundi alisogeza kiti karibu na spika. Kinanda alikijua, gitaa alilijua, besi na dramu pia. Lakini kila baada ya pigo la saba kulikuwa na kishindo kidogo, kizito, kama mtu anapiga kiganja kwenye ngozi iliyolowa, na kila kikirudi kilikuwa karibu zaidi. Harufu ya nywele zilizoungua ikaanza kupanda chumbani. Alikimbilia oveni, akaikuta imezimwa na imepoa. Alitaka kuisimamisha mashine, akasita, maana utepe mkongwe ukisimamishwa ghafla huweza kukatika.

Besi alirudi kutoka kazini saa tisa na nusu, akavua viatu mlangoni kama kawaida yake.

"Umemaliza? Mbona hukuniambia!" alisema, akisimama kizingitini huku uso wote unameremeta. "Sikiliza hiyo besi, mke wangu. Sikiliza!"

"Subiri, usiingie," Fundi alinong'ona. "Kuna kitu humu sikielewi. Kanda haiishi."

"Wimbo mzuri hauishi."

"Sitanii, Besi."

Lakini Besi alikwisha kulitoa gitaa begani. Alipiga pamoja na kanda, kwanza kwa kubahatisha, kisha kwa uhakika, kisha kwa ufundi ambao Fundi hakuwahi kuusikia kwake katika miaka kumi na moja ya ndoa. Tabasamu lilimkauka usoni likabaki hapo. Fundi alimwita, hakuitika. Alimtikisa bega, na bega lilikuwa gumu kama mlango. Mwanamume wa kwenye kanda alihesabu moja, mbili, tatu, nne, tano, sita, saba, na mdomo wa Besi ukafunguka, ukasema kwa sauti ambayo haikuwa yake wala ya mtu yeyote ambaye Fundi aliwahi kumsikia: "Nane."

Mto wa kiti kilichokuwa pembeni, kiti ambacho hakuna aliyekikalia, ukabonyea taratibu.

Fundi alirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta. Alikichukua kikaratasi kilichokuwa juu ya kipande, akakigeuza, akaona nyuma yake namba ya simu iliyoandikwa kwa wino mpya zaidi. Alipiga. Sauti ya mzee ikaitika, na kabla hajamaliza salamu mzee alisikia kinacholia nyuma yake.

"Umekirudisha," alisema. "Mungu wangu, binti, umekirudisha. Usizime! Unanisikia? Usiguse swichi yoyote. Niambie unakaa wapi."

Alifika baada ya dakika arobaini, mzee mwembamba mwenye koti lisilolingana na joto la siku ile. Ndiye aliyekuwa mpiga dramu wa bendi ile ya wanne, na wenzake walimwita Fimbo kwa sababu hakuachana na fimbo zake za kupigia hata mezani. Fundi hakukumbuka hata kusema shikamoo. Alimvuta mkono mpaka kwenye mlango wa chumba, na mzee alipomwona Besi anapiga huku damu inadondoka kutoka ncha za vidole mpaka sakafuni, aliegemea ukuta.

"Ndivyo alivyokuwa," alinong'ona. "Mpiga besi wetu. Huyo anayehesabu ni yeye."

"Ilikuwaje, mzee? Niambie haraka."

"Ujinga wa vijana. Wimbo una mapigo saba, tukaweka la nane tupu. Kila mtu alitaka kulijaza, tukagombana wiki nzima. Siku ya kurekodi mpiga besi akasema basi, anayelitaka pigo hili na aje alichukue, yeyote, hata asiye mtu. Tukacheka." Mzee alifuta uso kwa mkono wa koti. "Likaja. Mwenzetu alipiga kwa saa mbili bila kupumzika, kanda haiishi. Nikaogopa, nikazima mashine. Mashine iliposimama na moyo wake ukasimama, hapo hapo, gitaa mkononi. Tulimzika kesho yake."

Fundi aliweka kiganja mdomoni.

"Hatukuthubutu kukichoma kipande. Tukaogopa kitafanya nini moshini. Tukakikata, tukakificha."

"Sasa nifanye nini? Mume wangu anakwisha mbele yangu!"

"Miaka yote hii nimewaza. Lililetwa na sauti, litoke na sauti. Usilikatishe. Lififishe polepole, kama mnavyomaliza nyimbo za redioni, mpaka liende mbali lenyewe lisijue limetoka."

Fundi aliingia. Harufu ya nywele ilimkaba koo. Ili afike kwenye mashine ilimbidi apite karibu na kile kiti, na alipopita alihisi joto la mtu aliyekaa, joto la kifua na la pumzi, likimgusa shavu upande mmoja, na hakugeuka, kwa sababu alijua kwa yakini ambayo hakuweza kuieleza kwamba akigeuka ataona, na kwamba alichokikalisha pale kwa mikono yake mwenyewe, kwa gundi yake na wembe wake na kiburi chake cha kazi nzuri, kilikuwa kinamtazama kwa shukrani. Alishika kitelezi cha sauti, kile kinachosukumwa juu sauti ikapanda na kuvutwa chini ikashuka, akaanza kukivuta chini taratibu, na wimbo ukaanza kwenda mbali, kinanda kikatangulia, dramu zikafuata, kile kishindo cha nane kikawa kama hatua za mtu anayeshuka ngazi za nyumba ya jirani, na mto wa kiti ukainuka kidogo, na Fundi akalia kwa furaha, akavuta zaidi, akavuta zaidi, mpaka aliposikia kwamba gitaa la Besi, ambalo halikupita kwenye mashine yoyote, ambalo lilikuwa mikononi mwa mumewe hatua mbili kutoka kwake, nalo lilikuwa linafifia.

Alimtazama. Vidole vilikuwa vinapiga kwa nguvu ileile lakini sauti ilikuwa inatoka mbali, midomo ilikuwa imebadilika rangi, kifua kilikuwa kinapanda nusu ya kilivyopanda, kisha robo, na macho yake, ambayo sasa yalikuwa macho yake kweli, yalimwangalia mkewe kwa hofu ya mtu anayechukuliwa na maji.

"Vuta!" mzee alisema mlangoni. "Limebaki kidogo, vuta!"

"Linaondoka naye!" Fundi alipiga kelele. "Mzee, linaondoka naye!"

Alikisukuma kitelezi juu, si sana, upana wa ukucha. Besi akashusha pumzi ndefu, gitaa likamtoka mikononi, akaanguka sakafuni akiwa hai. Kanda iliendelea kuzunguka. Wimbo ukabaki, mdogo sana, wa kusikika tu ukisogeza sikio.

Mzee Fimbo alikaa chini palepale kwenye korido. "Binti yangu," alisema, "mimi sikujua." Alilia kwa muda mrefu.

Wiki tatu zimepita tangu siku hiyo. Besi alipona vidole, anakula vizuri, anacheka na majirani. Kila asubuhi Fundi humkalisha na kumweleza kila kitu, na Besi husikiliza, hutetemeka, humshika mkono na kuapa hatakaribia chumba kile. Ikifika jioni amesahau yote, na ukimkumbusha anadhani unamsimulia sinema. Fundi amenunua betri kubwa umeme usije ukakatika. Hupeleka mlo wake kule, hulala kule kwenye mkeka, na ufunguo hauvui shingoni isipokuwa anapooga.

Alikuwa bafuni, povu kichwani, Jumamosi jioni, aliposikia mlango wa chumba cha kanda ukifunguliwa kwa ufunguo. Alipapasa ukutani, akapapasa kwenye nguo, ufunguo haukuwepo. Alishika kitasa cha mlango kwa mikono ya sabuni, kikateleza.

"Mke wangu," Besi aliita kutoka kule, kwa upole wa mtu aliyeamka vizuri na anayetaka kusaidia kazi za nyumbani, "mashine yako inawaka bure huku, na hakuna hata anayesikiliza. Oga kwa raha zako, mama. Mimi naizima."