Ngazi za Shamba la Karoti

"Mvua ya kulishinda shamba langu bado haijazaliwa!"

Mwinshehe alijigamba hivyo kijiweni, soda mkononi. Alikuwa amechoma majani yote shambani. Kisha akavuta matuta ya karoti kutoka juu ya mlima hadi mtoni. Yalinyooka, utadhani yamepigwa rula.

Kumbe mvua hiyo ilishazaliwa. Ilikuwa njiani tu, inapanda Uluguru. Ilipofika, maji yakateremka mbio kati ya matuta yale. Karoti changa zikaenda mtoni, na udongo wake.

Shamba lenyewe lilikuwa la ukoo wa mkewe, Semeni. Kwao ardhi hufuata upande wa mama. Mjomba wa Semeni, msimamizi wa ukoo, akaja kutazama.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mkwe. Udongo wetu uko wapi?"

Mwinshehe akatazama mtoni.

"Ukipotea tena, shamba nampa mwingine," mjomba akasema, akaondoka.

Semeni akamwita jirani yao, Yuliana. Shamba lake lilikuwa mteremko uleule, na mvua haikuligusa.

"Shemeji, maji umeyachongea barabara ya lami!" Yuliana akacheka. "Chimba matuta ya ngazi, yakate mteremko. Kila ngazi iwe tambarare kama kitanda, maji yatulie, yazame. Majani usichome. Yafukie humo, yaoze yawe mbolea. Kwenye kingo panda nyasi za mabingobingo. Mizizi inashika udongo, majani wanakula mbuzi."

"Na samadi ya mbuzi inarudi shambani," Semeni akadakia.

"Umefaulu, dada. Shemeji je?"

Shemeji alikuwa ameshika kiuno. "Kimenikamata ghafla," akanong'ona.

Kiuno kikamlaza kitandani, wanawake wakichimba. Kikapona ngazi ya mwisho ilipokwisha.

Masika yakaja kwa fujo. Maji yakafika kwenye ngazi, yakatulia, yakazama. Karoti zikanenepa. Wachuuzi wakapanda kutoka Morogoro mjini kuzifuata palepale shambani.

"Ngazi hizi nimezibuni mwenyewe," Mwinshehe akawaambia, kifua mbele. "Nimechimba peke yangu, chini hadi juu."

Nyuma yake mtu akakohoa. Mjomba alikuwa amesimama kwenye ngazi ya juu, anatafuna karoti.

"Udongo nimeuona. Shamba linabaki kwenu," akasema. Akatafuna kidogo.

"Na kiuno, mkwe, kinaendeleaje?"