Masizi Juu ya Sahani Nyeupe

Kila jioni, vyombo vikishaoshwa, Inamahoro alisoma kwa mwanga wa koroboi huku mama yake akikohoa kwa moshi. Binti huyu wa darasa la saba, wa kule Ulyankulu, hakuwa mtu wa kuona kero akanyamaza. Mwalimu Zablon aliposema darasani kwamba sumaku kali huvuta oksijeni kidogo, yeye akawaza moto. Oksijeni ikivutwa, ikachanganyika vizuri na mvuke wa mafuta ya taa, si masizi yatapungua?

Shangazi yake wa Kanyenye, Tabora mjini, alimpatia sumaku mbili kali zilizotolewa kwenye kompyuta mbovu. Inamahoro akashika sahani nyeupe juu ya moto, ikawa nyeusi tii. Kesho yake akaweka sumaku pande mbili za moto, na sahani ya pili ikatoka karibu safi. Alirukaruka kwa furaha!

Ikafika siku ya maonyesho ya shule. Mshindi angekwenda kushindana mjini, na Inamahoro aliitamani nafasi ile kuliko gauni la Krismasi. Alipokuwa akipanga sahani zake, mama, aliyekuja kutazama, akamnong'oneza, "Koroboi inawaka vizuri siku hizi, eh? Siku ile kabla hujaweka sumaku zako niliukata utambi, ulikuwa umeungua ncha."

Inamahoro akazitazama tena sahani zake. Kumbe huenda ni utambi, wala si sumaku!

"Nyamaza tu, shoga," alisema rafiki yake Batuli. "Nani atajua?"

Jaji, Bibi Mwanajuma, akafika mezani.

"Shikamoo," alisema Inamahoro.

"Marahaba. Haya, nieleze."

"Sahani hizi haziaminiki. Mama aliukata utambi katikati ya jaribio, nami sikujua. Naomba nirudie mbele yako."

Akarudia kwa utambi uleule na sahani mbili safi, kwanza bila sumaku, kisha akiwa nazo. Moto ulijibana, ukafupika. Masizi yalipungua kidogo tu, lakini yalipungua kweli.

Bibi Mwanajuma alizitazama sahani zote nne, akacheka. "Utambi umefanya kazi kubwa kuliko sumaku! Utakwenda mjini, binti, na sahani zote. Na mama wa kukata utambi aje pia."

Mwalimu Zablon akawageukia wanafunzi. "Akili anayo, tulijua. Leo nimempenda zaidi kwa ukweli wake. Mtu akificha kilichoharibu jaribio, anajidanganya mwenyewe kwanza."

Jioni ile Inamahoro alikata utambi, ndipo akafungua daftari. Mama hakukohoa.