Tarehe Iliyokwanguliwa

Maiti ililazwa juu ya madawati manne yaliyounganishwa, ndani ya darasa la tatu la shule ya msingi ya Sibaguan. Inspekta Leonila Magbanua aliinua pembe ya shuka, akautazama uso wa marehemu, kisha akaishusha taratibu.

"Ni nani?"

"Anselmo Baylon, afande," alijibu Sajini Palomar. "Miaka sabini na moja. Hapa wote walimwita Babu Selmo. Alianza kutapika jana saa tisa alasiri. Leo alfajiri amekata roho."

"Wengine?"

"Kumi na wanne wako hospitali. Daktari anasema watapona. Huyu mwili wake haukuwa na nguvu za akiba tena."

Tangu tufani ipite, wiki tatu sasa, familia thelathini za Sibaguan zilikuwa zinaishi madarasani. Kila siku walikula wali na samaki wa kopo. Jana tu ndiyo walikula kitu kingine.

"Nyama ya nguruwe," alisema Palomar. "Adobo, ile inayopikwa kwa siki. Wote waliougua waliila saa sita mchana. Kuna familia mbili za Wasabato, hawagusi nguruwe. Hakuna hata mmoja aliyeumwa tumbo."

Leonila aliandika hilo. Kwenye kona ya darasa alikuwa amekaa mwanamke wa makamo, mikono mapajani, macho makavu. Erlinda, binti wa marehemu. Leonila alimpa pole, hakumuuliza kitu.

Jikoni palikuwa nyuma ya shule, chini ya turubai. Mpishi, Mama Ising, alikuwa anasugua sufuria ambayo tayari ilikuwa safi.

"Adobo ulipika wewe, mama?"

"Mimi."

"Nyama ilikuwa na harufu?"

"Afande, nimepika maisha yangu yote. Niliinusa, nikaibonyeza. Haikuteleza, haikuwa na ukijani. Nyama mbovu mimi naijua hata ikiwa bado njiani."

"Uliichemsha muda gani?"

"Saa mbili nzima, na siki. Mpaka ikaachia mfupa."

"Na wewe ulikula?"

Mama Ising alisita. "Iliisha kabla zamu yangu haijafika. Watu waliomba waongezwe, ningewanyima?"

"Nani aliileta?"

"Msaada."

"Msaada wa nani?"

"Sijui. Nilikuta katoni hapa asubuhi."

"Mama Ising, kuna maiti humo darasani."

"Najua. Nimeiosha mimi." Akarudi kwenye sufuria yake.

Leonila hakumshinikiza. Alikuwa ameona kamba ya nguo. Juu yake zilianikwa mifuko ya plastiki kumi na miwili, imeoshwa vizuri ili itumike tena. Aliushika mmoja, akauelekeza kwenye jua. Palipokuwa na lebo palikuwa pamekwanguliwa kwa ncha ya kisu, kwa uangalifu, bila kuutoboa mfuko. Mingine yote ilikuwa vivyo hivyo.

"Mtu alikaa akakwangua tarehe mfuko mmoja mmoja," alisema Palomar. "Huyo alijua anachokificha."

"Alijua tarehe. Kama alijua zaidi ya hapo, bado hatujui." Leonila alipitisha kidole kwenye mshono wa chini. Plastiki yenyewe ilikuwa na mhuri mdogo uliobonyezwa, samaki ndani ya duara. "Huu umewahi kuuona?"

"Kila Jumamosi, afande. Ghala la baridi la Madam Perpetua. Mke wangu ananunua pale."

Madam Perpetua Arancillo aliwapokea mlangoni mwa ghala, mwanamke mnene mwenye heshima zake, miwani ikining'inia shingoni. Aliuangalia mfuko mara moja tu.

"Hizo zilipitisha tarehe kwa siku tatu. Katoni tatu. Niliagiza zizikwe."

"Nani alizika?"

"Mtunza ghala wangu. Manong Doming, yaani Kaka Doming. Miaka ishirini na mbili yuko nami, hajawahi kuchukua hata mguu wa kuku."

"Zilizikwa wapi?"

Akawaonyesha nyuma ya ghala. Udongo ulikuwa umefukuliwa na kusawazishwa vizuri. Palomar alivua koti, akachimba mpaka kiunoni. Alikuta mawe na mizizi ya minazi.

"Hapa hapajazikwa hata panya," alisema, akijifuta jasho.

Leonila aliomba kuingia ghalani. Friji kubwa lilifunguliwa, baridi ikawapiga usoni. Ndani zilibaki katoni chache. Alitoa mfuko mmoja wa juu, akaugeuza mkononi. Ulikuwa mgumu kama jiwe, lakini upande mmoja ulikuwa na alama za nyaya za kikapu, zimezama ndani ya nyama. Maji mekundu yalikuwa yamejikusanya pembeni mwa mfuko na kuganda pale pale. Aliinama zaidi. Sakafu ya friji ilikuwa na barafu ya rangi ya damu, unene wa vidole viwili.

Nyama iliyoganda haichukui alama ya waya, na haivuji. Ili ivuje lazima iwe imelainika kwanza.

Alifunga friji.

"Madam, umeme ulikatika lini hapa?"

"Tufani ilikata umeme mji mzima, afande. Mimi nina jenereta."

"Sikuuliza jenereta unayo au huna. Ilizimika lini?"

Madam Perpetua alivaa miwani yake, akaivua.

Simu ya Leonila ililia. Alikuwa daktari wa serikali. Alisikiliza, akashukuru, akakata.

"Maabara imepata sumu kwenye mifupa ya adobo iliyotupwa na kwenye matapishi," alimwambia Palomar. "Vimelea vilizaliana nyama ilipokuwa imelainika, vikaiacha sumu yao humo. Ukiigandisha tena haitoki. Ukiichemsha saa mbili haitoki. Na haina harufu."

"Haina harufu?"

Sauti ilitoka mlangoni. Mwanamume mwembamba wa miaka hamsini na kitu, ndani ya koti zito la kufanyia kazi kwenye baridi, alikuwa amesimama na ufagio mkononi.

"Wewe ndiye Manong Doming?" aliuliza Leonila.

"Ndiyo mimi, afande." Aliegemeza ufagio ukutani kana kwamba ulikuwa wa kioo. "Niliwaona mnachimba. Nikasema wakimaliza nitaingia."

"Ulizichukua wewe?"

"Nilizichukua mimi. Mama Ising msimguse. Nilimwomba asinitaje, basi."

"Kaa. Eleza."

Hakukaa. "Madam aliniambia, Doming, hizi zimepita tarehe, kazike. Nikachimba shimo. Nikaishika ile mifuko. Migumu, misafi. Afande, mimi naishi na nyama. Nikajisemea, kitu kimekaa kwenye barafu tangu siku ya kwanza, siku tatu zinakifanya nini? Tarehe ni wino tu. Na pale shuleni watu wanakula samaki wa kopo wiki ya tatu hii, watoto wamepata vidonda midomoni."

"Hukuogopa?"

"Niliogopa. Nilichukua mfuko mmoja nikaupeleka nyumbani. Tukala mimi na mke wangu. Tukangoja siku nzima na usiku wake. Hakuna aliyeumwa. Ndipo nikapeleka katoni shuleni."

"Huo mfuko wa kwanza uliutoa wapi?"

"Katoni ya chini. Zile zilizogusana na barafu."

"Na katoni uliyopeleka?"

"Ya juu. Mbili zilizobaki zipo kwangu, bado zimeganda."

Palomar alikuwa ameshashika simu, anawatuma polisi wakazichukue. Leonila aliendelea kumtazama Doming.

"Tufani ilipopita ulikuwa wapi?"

"Kijijini. Nyumba ya mama ilianguka ukuta. Nilikaa siku nne namfukulia vyombo vyake. Niliporudi jenereta inanguruma, friji limeganda. Kwa nini niulize?"

Leonila alimgeukia Madam Perpetua. Yule mama alikuwa amekaa juu ya kreti tupu.

"Ilizimika siku moja na nusu," alisema kwa sauti ndogo. "Maji yaliingia ndani ya jenereta. Za juu zililainika kabisa. Za chini kidogo. Ilipowaka, zikaganda tena."

"Na hukumwambia mtu."

"Ningesema nini? Mji mzima unanunua kwangu. Wangesikia nyama ya Perpetua imeyeyuka, nani angerudi? Sikuuza hata mfuko mmoja, afande, naapa. Nilizitenga. Nikangoja tarehe ya kila katoni ipite ili nizizike bila maswali."

Doming alimtazama bosi wake. "Kwa hiyo haikuwa tarehe."

"Haikuwa tarehe, Doming."

"Ungeniambia tu. Neno moja, Madam. Ningezizika zote siku ile ile."

Friji lilinguruma nyuma yao.

"Jambo moja," alisema Leonila. "Kama uliamini nyama ni nzima, kwa nini ulikwangua tarehe?"

Doming alizitazama kucha zake. "Wamepoteza nyumba. Wanavaa nguo za kupewa. Nikawaza, mtu aone kwenye mfuko kwamba hata nyama anayopewa imeshatupwa na wenzake. Sikutaka waone hilo. Nilitaka wale kama watu."

Palomar aligeuza uso, akajifanya anatafuta kalamu.

Leonila aliwaeleza wote wawili makosa yao kwa maneno ya sheria: Doming, wizi na kusababisha kifo kwa uzembe; Madam, kuficha hatari kwa afya ya umma. Madam aliinamisha kichwa. Doming alinyoosha mikono yake kwa ajili ya pingu.

"Afande, naomba kitu. Kabla ya kituoni, nipitishe shuleni. Binti yake asiambiwe na mtu mwingine."

Kanuni hazikumruhusu. Leonila alimpitisha.

Erlinda alikuwa bado amekaa pale pale. Doming alisimama mbele yake, pingu mikononi, akasema yote tangu mwanzo, hakujitetea hata kidogo.

"Baba alikula sahani mbili," alisema Erlinda. "Tangu nyumba ichukuliwe na maji alikuwa anakula vijiko vitatu tu, nambembeleza kama mtoto. Jana alicheka. Alisema adobo ya Ising haina siki ya kutosha."

Doming alilia bila sauti.

"Sikuombi unisamehe," alisema.

"Sijui kama nitaweza. Siwezi kusema leo." Erlinda alimtazama usoni kwa mara ya kwanza. "Lakini ungeacha ile tarehe, Manong. Tungeiona. Tungeaibika, ndiyo. Halafu tungekaa tukaulizana, tule, tusile. Labda tungekula vilevile. Baba alikuwa na njaa ya nyama, labda angesema tule. Lakini angekuwa ameamua yeye."

Doming alitikisa kichwa kukubali, mara nyingi. Leonila alimshika kiwiko, akamwongoza nje, kwenye jua kali, mpaka garini.