Darasa Lisilo na Kelele

Aruna alikuwa fundi cherehani wa Rumonge, mji wa Burundi kando ya Ziwa Tanganyika. Kibaraza chake kilitazamana na shule ya msingi. Mwaka ule wa uhuru alishona huku akisikiliza watoto wakiimba herufi na hesabu kwa sauti moja. Mguu wake ulikanyaga cherehani kwa mwendo wa sauti zao. Binti yake Kadidja alikuwa mmoja wao, na Aruna aliamini sauti tamu kuliko zote ni yake. Wazazi ndivyo tulivyo.

Mwaka uliofuata alikuja mwalimu mpya, Pascasie. Darasa likanyamaza.

Jirani wa Aruna, Abdul, fundi wa mabati, aliweka nyundo chini akasikiliza.

"Hii masomo iko namna gani?" aliuliza. "Sisi chuoni tulisoma Kurani mpaka mutaa muzima unasikia. Hawa wamelala."

Maneno hayo yalimkaa Aruna rohoni. Jioni Kadidja alirudi na kokwa za chikichi mfukoni.

"Leo mulifanya nini?"

"Tulicheza na kokwa, baba."

Aruna alipandwa na hasira. "Basi kesho utabaki na mama yako, muanike ndagala. Masomo imekwisha."

Kadidja akaangua kilio. Mama yake, Zuwena, aliyeanika dagaa hao kila siku, alihitaji sana msaidizi, lakini hakukubali.

"Baba Kadidja, nenda kwanza uone kwa macho yako," alisema. "Kumutoa ni rahisi. Kumurudisha ndiyo kazi."

Asubuhi Aruna alivuka barabara, amemshika binti yake mkono.

"Amahoro, mwalimu. Nimekuja kumutoa mutoto. Anacheza tu."

"Amahoro, Baba Kadidja. Kaa kwanza. Nyumbani anasoma?"

"Sana. Kitabu cha mwaka jana anakisoma chote."

Mwalimu alifungua kitabu hicho. Kadidja akausema ukurasa mzima bila kukwama. Aruna akatabasamu. Kisha mwalimu akafunika picha kwa kiganja, akaonyesha neno moja la katikati.

"Hili ni neno gani?"

Kadidja akatazama dari. Aruna aliona aibu kana kwamba ameulizwa yeye.

"Si kosa lake," mwalimu alisema kwa upole. "Alishika wimbo, hakushika maneno. Wote wakiimba pamoja, sijui nani anajua na nani anafuata wenzake. Kwa hiyo sasa kila mutoto anafanya kazi kwa mikono, na mimi ninapita kwa mumoja mumoja."

Aruna alitazama. Watoto walikaa wawili wawili. Kadidja na mwenzake Mwavita walikuwa na kokwa kumi. Mwavita akafunika baadhi kwa bakuli. Kadidja akahesabu zilizobaki nje: sita.

"Umeficha nne," alisema.

Wakafunua bakuli. Zilikuwa nne.

"Mbona hutumii ndagala?" Aruna aliuliza. "Hapa iko mingi."

"Nilianza nayo," mwalimu alijibu. "Hesabu yote iliishia tumboni."

Aruna alicheka mpaka watoto wakageuka. Hasira ilikuwa imemtoka.

"Na nyumbani nitamusaidia vipi? Mimi sijui kusoma."

"Una vifungo. Ficha vingine, yeye aseme umeficha vingapi. Na kitabuni usimuache aanze juu kila siku. Weka kidole kwenye neno lolote. Ukimuona anatazama picha au dari, ujue anabahatisha. Mwambie atamke pole pole, kipande kwa kipande."

"Murakoze, mwalimu," Aruna alishukuru.

Tangu siku hiyo, kila jioni vifungo vilimwagwa mkekani. Zuwena alivificha kwenye kitenge chake na kukana kabisa. Kadidja hakudanganyika. Kitabuni alikwama, akarudia, akakwama tena. Polepole akaacha kutazama picha.

Siku moja mwalimu alimwita Aruna darasani. Alipanga mezani vipande viwili vya karatasi ngumu, vyenye herufi. Neno lililoundwa navyo halikuwamo kitabuni.

"Da," Kadidja alisoma. "Ta."

Kisha akainua uso, akamtafuta baba yake kwa macho.

"Data," alisema.

Kwa Kirundi, hilo ni "baba yangu". Hakuna aliyekuwa amemwimbia neno lile. Aruna alifuta macho kwa mkono wa shati, na hakujali nani anamwona.

Alirudi kibarazani. Darasa lilikuwa kimya kama kawaida. Abdul alikuwa ameinua nyundo juu ya bati.

"Bado wamelala?" aliuliza.

"Ndugu yangu," Aruna alisema, "hiyo bati ukaipige nyuma ya nyumba. Watoto wanasoma."