Kata Iliyofichwa

Kila asubuhi kabla ya shule, Milembe aliteka maji kwenye shimo la mchanga mtoni, nje kidogo ya Lagangabilili. Shimo hilo alilichimba pamoja na Joyness, rafiki yake wa Kitaturu. Walikuwa na kata moja ya kibuyu. Mmoja aliteka, mwingine alishika ndoo.

Mambo yaliharibika surua ilipoingia kambi ya wafugaji wa Kitaturu ng'ambo ya mto. Mdogo wake Joyness alifariki. Badala ya kumpa pole, watu walimfukuza Joyness pale mtoni. Inauma kusema, lakini Milembe naye aliificha kata nyuma ya mgongo.

Nyumbani, baba yake, Mzee Luhaga, hakuwa na shaka. "Hiyo ni surua ya Wataturu," alisema. "Damu yao nyepesi. Sisi Wasukuma haitupati."

Basi siku ya chanjo ilipofika, mama alitaka kumpeleka Ngassa, mdogo wake Milembe, ambaye hakuwahi kuchanjwa. Baba akakataa.

"Pamba inaanguka shambani, wewe ukapange foleni kwa ugonjwa usio wetu?"

Mama akamfunga Ngassa mgongoni, wakaenda kuchuma pamba. Mkataa pema, pabaya panamwita. Wiki mbili baadaye Ngassa alishikwa na homa kali. Macho yakawa mekundu, kisha vipele vikaenea mwili mzima.

Baba aliita bodaboda mbili, wakaondoka wote. Milembe alimpakata mdogo wake njia nzima hadi zahanati. Nesi Justina alimtazama mtoto mara moja tu.

"Ni surua."

"Lakini sisi si Wataturu," baba alisema kwa sauti ndogo.

"Baba Milembe, kirusi hakimuulizi mtu kabila lake."

"Mbona kwao kimeua?"

"Wale wanahama kufuata malisho. Chanjo inapita wao hawapo, na mgonjwa wanamfikisha hapa akiwa hoi. Hiyo siyo damu, ni umbali. Ninyi zahanati iko mlangoni, na bado mtoto hamkumleta."

Baba aliinamisha kichwa. Ngassa alipewa matone ya vitamini A na dawa ya macho, lakini macho yake yalikuwa yamevimba, hayafumbuki. Milembe alilia akidhani mdogo wake hataona tena. Mama hakubanduka kando ya kitanda cha mtoto. Hatimaye, asubuhi moja, Ngassa alifumbua macho akaomba uji.

Waliporudi nyumbani, baba alimchukua Milembe wakavuka mto hadi kambini. Alisimama mbele ya wazazi wa Joyness, kofia mkononi.

"Poleni kwa msiba," alisema. "Nilitukana damu yenu, nanyi mkiwa mnaomboleza. Nisameheni. Nesi nimemwomba alete chanjo huku huku kambini, naye amekubali."

Baba yake Joyness akamsogezea kigoda.

Njiani kurudi, baba alimwambia Milembe, "Mwanangu, ugonjwa ukiingia kwa jirani, usiulize jirani ni kabila gani. Uliza kama watoto wote wamechanjwa, wake na wako. Mimi kiburi changu nusura kimzike mdogo wako."

Kesho yake Milembe aliwahi mtoni. Joyness alipotokea na ndoo yake, Milembe alimnyooshea kata kwa mikono miwili.

"Nisamehe," alisema. "Teka wewe kwanza."

Joyness aliitazama kata ile kwa muda mrefu. Kisha akaipokea, akainama shimoni, akateka.