Mwanasheria wa Upande wa Pili

Chai ilipotangazwa, wanasheria wa makampuni walimiminika kutoka ukumbi wa mikutano wakajaa barazani pa hoteli, beji zikining'inia vifuani, kadi za biashara zikipita mkono kwa mkono. Wa mabenki walisimama na wa mabenki, wa kampuni za simu na wenzao, na kila kona kulikuwa na mtu anayecheka kuliko kichekesho chenyewe.

Mwanasheria wa kiwanda cha rangi hakuwa na kundi. Hata kiwandani alikuwa peke yake. Wahasibu walikuwa na wahasibu wenzao wa kula nao mchana, mafundi walikuwa na mafundi. Yeye alikuwa na mlango wake na kabati la mikataba, na aliitwa pale tu maji yalipofika shingoni. Hakuja semina kutafuta marafiki. Alikuja kutafuta pointi za mafunzo, maana bila pointi leseni haihuishwi, na mwaka ule alikuwa amejivuta mpaka mwisho. Hata gauni lake la kijani kibichi, lenye mikono mirefu na kola ndogo, alilivaa kwa kulazimishwa: shangazi yake, aliyemshonea, alisimama mlangoni asubuhi akakataa kumpisha akiwa na suti ile ile ya kijivu.

Nyuma ya nguzo aliona soketi ya umeme. Akachomeka simu yake, akajibanza hapo na kikombe cha chai. Punde akatokea mwanamume mwenye shati jeupe, lililopigwa pasi vizuri mbele na kusahauliwa mgongoni, chaja mkononi, akiitazama soketi ile kama abiria aliyekuta basi limejaa.

"Samahani dada. Nimezunguka ukumbi mzima, imebaki hii tu."

"Imebaki kwa sababu ina mwenyewe."

"Yangu imezima kabisa. Tufanye mkataba: dakika chache zako, dakika chache zangu."

"Nani ataandika huo mkataba?"

"Wewe. Mimi nafanya kazi kampuni ya bima. Watu hawapendi tunayoyaandika."

Mwanamke alicheka kabla hajajizuia. Kufumba na kufumbua walikuwa wanazungumza kama watu waliosoma darasa moja, simu zikipeana zamu ukutani, na kengele ilipolia walirudi ukumbini wakakaa viti vya jirani.

Aliyepanda jukwaani alikuwa bosi wa yule mwanamume, mkuu wa idara ya sheria ya kampuni yao, mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa mnyororo. Wanasheria walimwita Mama Vifungu, kwa kuwa sheria alikuwa nazo kichwani kama watu wengine walivyo na nyimbo. Aliwaambia kuwa mwanasheria wa kampuni ni mpweke kwa kazi yake: anaowatumikia hawaijui sheria, na wanaoijua sheria kama yeye wako kwenye kampuni nyingine. "Msirudi na kadi mfukoni tu," alisema. "Rudini na mtu mmoja mnayeweza kumpigia simu mkikwama."

Mwanamume akainama upande wa jirani yake. "Nipe namba yako," alinong'ona. "Bosi ananitazama."

Mwanzoni walipigiana kwa mambo ya kazi kweli kweli. Yeye aliuliza habari ya kuvunja mkataba wa pango. Mwanamume akauliza nembo ya biashara inalindwaje. Halafu maswali yakapungua, maongezi yakarefuka. Akawa anamwita Rangi, naye akamwita Bima. Palipokuwa na semina walikwenda pamoja, iwe ya kodi, ya ajira au ya siri za wateja, na wakitoka walitembea taratibu hadi kituo cha basi, kila mmoja akiomba moyoni basi lichelewe. Shangazi aliona mpwa wake anavyochagua nguo jioni za kuamkia semina. Akasema mtoto huyu hakuwahi kupenda shule kiasi hiki, akauliza kama hizo pointi zenyewe zina ndevu.

Jambo moja hawakulizungumza. Kiwanda cha rangi kilikuwa kimekata bima kwenye kampuni ya yule mwanamume. Wote wawili walijua. Mambo yalikuwa shwari, na palipo shwari hakuna anayetaka kuchokoza.

Jioni moja alifika nyumbani amechoka, akampigia Bima, akamwaga ya siku nzima. Katika hayo alimwambia kuwa pampu ya kuzimia moto pale ghalani imekufa, fundi ameifungua, kipuri hakijafika, na kila anayemkumbusha anamzungusha. Aliyasema kama mtu anavyomwambia mpenzi wake, akahamia mengine.

Kabla kipuri hakijafika, ghala likaungua. Ilikuwa Jumapili asubuhi, hitilafu ya nyaya. Mtu hakuumia, lakini makopo yalipasuka moja baada ya jingine, na moshi mweusi ukatanda mpaka mitaa ya mbali. Bima alipiga simu akiwa anahema. Aliposikia mpenzi wake ni mzima alisema, "Pole, mama. Hilo lingine litapata dawa."

Tangu siku ile akabadilika. Salamu za asubuhi zilikuja, za usiku zilikuja, ila neno la kazi likitajwa tu aliliruka kama dimbwi. Kisha wakaja wakaguzi wa bima, na baada yao ikaja habari kwamba kampuni inasita kulipa, kwa sababu pampu haikuwa ikifanya kazi. Mkurugenzi wa kiwanda, mzee asiyepandisha sauti, aliwaita wakuu wa idara akawauliza nani amewaambia watu wa bima habari za pampu. Kila mmoja alitikisa kichwa. Mwanasheria naye alitikisa chake.

Alitoka akaenda kusimama kwenye maegesho, akapiga simu.

"Ile habari ya pampu ulimwambia nani?"

Upande wa pili kukawa kimya.

"Bima, nakuuliza."

"Siwezi kulizungumza jambo hilo."

"Huwezi au hutaki?"

"Siwezi, mpenzi wangu. Nakuomba usiniulize mpaka liishe."

"Limekwisha," alisema, akakata simu.

Hakuipokea tena. Ujumbe ulikuja, akaufuta bila kuusoma. Semina iliyofuata hakwenda. Alitafuta pointi zake kwenye mafunzo ya mtandaoni, peke yake ofisini, mlango umefungwa, akimsikiliza mwalimu asiyemwona. Shangazi alimwacha siku kadhaa, kisha akamwuliza kilichotokea, akasikiliza mpaka mwisho bila kuinua macho kwenye cherehani.

"Ulipomuuliza alikudanganya?"

"Alikaa kimya."

"Mwongo hakosi maneno, mwanangu," shangazi alisema, akaendelea kushona.

Madai yalivutana, na hatimaye pande mbili zikakubaliana kukutana ofisini kwa kampuni ya bima. Asubuhi hiyo alivaa suti ya kijivu. Alikuwa amejipanga kumwona Bima ng'ambo ya meza, na amejiapiza kumtazama kama ukuta. Lakini walioingia walikuwa Mama Vifungu na mkaguzi, basi.

Mkurugenzi wake hakuzunguka. Aliuliza habari za pampu walizitoa wapi. Mkaguzi akashangaa kuulizwa. Akasema siku alipofika alipita karakana kuuliza njia ya kwenda ghalani, akaikuta pampu juu ya meza ya fundi, imefunguliwa vipande vipande, na fundi mwenyewe akamweleza tangu lini. Hakuna aliyemnong'oneza. Aliiona kwa macho yake.

Mwanasheria alitazama makaratasi mbele yake na hakuona herufi hata moja. Wakubwa walijadiliana wakafikia mapatano, kiwanda kilipwe sehemu ya hasara. Watu waliponyanyuka, alimfuata Mama Vifungu hadi kwenye lifti, akamwambia alidhani yule kijana wake ndiye angelishika jambo hili.

"Alijitoa asubuhi ya kwanza kabisa," Mama Vifungu alisema. "Nilimwambia akae, hakukaa. Akasema asipewe madai ya kiwanda cha rangi, wala asionyeshwe karatasi yake hata moja. Nikamuuliza sababu. Akasema mwanasheria wa upande wa pili ni mwanamke anayetaka kumwoa."

Lifti ilifunguka, ikajifunga, hakuna aliyeingia.

"Nikamkataza kumwambia mtu wa kiwandani chochote, hata nani analishughulikia, mpaka tumalize. Ametii, na amekonda kwa kutii." Mama Vifungu alivua miwani akamtazama vizuri. "Nilijua hilo la kuoa amekwisha kukueleza. Kumbe nimemwaga mtama."

Usiku ule mwanasheria hakupata usingizi wa maana. Kilichomchoma zaidi si kumdhania vibaya mtu asiye na kosa. Ni kwamba kanuni ile ile aliyoifuata Bima, naye aliijua, aliisomea, aliijibia mitihani. Yeye hakujitoa, wala hakumwambia mkurugenzi kuwa ana mtu upande wa pili. Asubuhi alipanda kwa mkurugenzi kabla hajaweka hata mkoba wake mezani.

Mchana alipiga simu. Bima aliipokea haraka mno, kama mtu aliyekuwa ameishika. Alikuwa kwenye jengo la chama cha wanasheria, kwenye mafunzo. Mwanasheria akamfuata, akamkuta kwenye ngazi za nje, shati limelegea mabegani, na kweli alikuwa amekonda. Wakakaa kwenye ngazi, nafasi ya mtu mmoja kati yao.

"Nasikia umenichumbia kwa bosi wako," alisema. "Mimi mwenyewe sikualikwa."

Bima akafumba macho. "Mama Vifungu huyo."

"Ungeniambia basi kwamba umejitoa. Hilo tu."

"Ningesema neno moja, ungeuliza la pili, na wewe ukiniuliza mimi sina kufuli. Habari ya pampu nilikuwa nayo, Rangi. Nilitembea nayo kama yai, isinidondoke kwetu, isinidondoke kwenu."

"Nilikuhukumu bila kukusikiliza. Nisamehe."

"Niliumia," Bima alisema. "Kukatiwa simu si kitu. Niliumia ulivyoniuliza nilimwambia nani, kana kwamba hunijui."

"Najua. Na sitakuuliza hivyo tena." Alizitazama kucha zake. "Leo asubuhi nimekwenda kwa mkurugenzi. Nimemwambia mambo ya kiwanda niliyazungumza nje, na niliyazungumza na nani. Amenionya vikali, na ana haki. Kazi bado ninayo, ila mambo yoyote ya bima yatapitia kwa wakili wa nje. Halafu akaniuliza huyo mtu ni nani kwangu."

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia ni mchumba wangu."

Mlango wa ukumbi ulifunguliwa, sauti ikawaita walio nje warudi, mada inaanza. Bima hakugeuka. Alisogea akaijaza ile nafasi ya mtu mmoja, akamshika mkono.

"Kwa hiyo wakubwa wetu wote wawili wanajua," alisema. "Amebaki shangazi. Yeye nitamwambia nini?"

"Mwambie yote tangu mwanzo," alisema Rangi, akamwegemea begani. "Shangazi si mteja. Kwake hatuna siri."